Sindano Uwanjani kwa Baba Mkwe

Mimi ni mtu wa mdomo, sikatai. Nilipoolewa Ikolo, watu wa kwetu Talatala walimcheka mume wangu, wakamwambia ameoa redio isiyozimika. Lakini kulikuwa na mtu mmoja ambaye kwa ajili yake nilikaa bubu miaka na miaka, na wala hakuwahi kunikosea. Mtu huyo ni baba mkwe wangu.

Kwetu Wanyakyusa mke wa mwana hakutani na baba mkwe. Tunaita kutila, yaani kumcha mtu kwa heshima. Humtazami usoni, husemi naye, huli naye, hukanyagi uwanja wake naye akiwepo. Ukimsikia anakohoa njiani unaingia migombani, unajitanda khanga, unachuchumaa umempa mgongo mpaka apite. Naye akishapita anakohoa tena mbele kule, ujue njia imekuwa nyeupe. Wageni wakiona hivyo wanadhani ni chuki. Chuki ya wapi jamani! Uchungu uliponizidia nikiwa na mwanangu wa kwanza, ni mzee yule aliyekimbia kwa mguu mpaka barabarani kutafuta gari, na mvua inapiga. Nilipona, na sikuweza hata kumwambia ndaga fijo, asante sana, kwa mdomo wangu mwenyewe.

Na si wake wa wanawe wa kuzaa tu. Watoto wa ndugu zake nao ni wanawe, kwa hiyo wake zao nao ni wakwe zake. Ukitukusanya sote tuliokuwa tukimtila, ungejaza kanisa upande wa wanawake. Nyumba yake ilikuwa ya bati, ina baraza ya saruji na uwanja mpana unaofagiliwa kila asubuhi. Za kwetu zilikuwa nyuma, ng'ambo ya migomba, na njia yetu ya kwenda kisimani ilizunguka mbali ili tusiuguse uwanja ule. Tulizoea. Mtu akizoea kuzunguka haoni kwamba anazunguka.

Hiyo ilikuwa miaka ya soko huria, kila mtu anauza kitu. Mitumba ilimwagwa chini pale sokoni Kyela, sabuni za rangi zote, betri, mafuta ya nywele. Mume wangu alivuka mto Songwe na mchele akaenda Karonga, upande wa Malawi, kwa shangazi zake, akarudi na sukari na vitenge, akakaa siku chache, akavuka tena. Na dawa nazo ziliuzwa kama njugu. Aliyekuwa na meza na bomba la sindano alikuwa daktari. Unaingia nyuma ya pazia na homa yako, unageuka, unachomwa, unatoka. Nani alijua sindano ile ilitoka kwa nani?

Maana UKIMWI ulikuwa umeshafika. Redio ilisema ni janga la dunia nzima. Sisi dunia nzima hatukuijua, tulijua misiba. Wiki hii huku, wiki ijayo kule, na wanaozikwa ni vijana wenye nguvu zao. Wifi yangu, binti wa pekee wa mama mkwe, alikuwa mfanyabiashara kama kaka yake. Alishikwa na homa safarini, akachomwa sindano nyuma ya pazia la duka, na baada ya muda akaanza kukonda. Tulimwosha na mama mkwe mpaka siku ya mwisho. Labda sindano ile ndiyo, labda siyo, mimi sijui mpaka leo. Mama mkwe alijua. Alisema, "Alikwenda na homa, wakamchoma, akarudi na kifo." Tangu hapo neno sindano likitajwa mbele yake alisimama na kuondoka.

Sasa katikati ya hofu hiyo, surua ikaanza kusikika upande wa Ngana. Ilikuwa baada ya mafuriko, watu wamebanana kwa ndugu, watoto wana njaa. Tukasikia wawili wamezikwa, tukasikia wengine. Binti yangu alikuwa anakaribia mwaka na hakuwa amechanjwa. Nilikuwa nimempeleka zahanati alipofikisha umri, nikaambiwa friji limekosa mafuta ya taa, dawa imeharibika, rudi mwezi ujao. Mwezi ujao mto ukafurika.

Nilikuwa na shoga yangu. Mume wake hakuwa wa ukoo wetu, alikuwa mvuvi wa usipa, dagaa wa ziwani, nao walijenga jirani tu na sisi. Mwanawe wa kiume na binti yangu walizaliwa wiki moja, na siku nikienda shamba yeye alinyonyesha wote wawili, nami vilevile. Tulikuwa tunataniana kwamba yule mvulana amekwisha kuoa, mahari tutalipana kwa maziwa. Mtoto mcheshi yule, ana shavu limejaa, ukimwita anakuja kwa makalio.

Nesi alikuja na habari kwamba watachanja watoto wote wa kijiji. Alikuwa mtu wa Tanga, Mwislamu, aliletwa huku na serikali, ushungi mweupe kila siku na sauti ya mtu asiyependa kurudia maneno. Shule ilikuwa bado ina tope mpaka madirishani. Akauliza kwenye mkutano, nitaweka wapi meza yangu? Baba mkwe akasimama. Alikuwa mzee wa kanisa, na uwanja wake ndio uliokuwa unaamua ugomvi wa mipaka na wa ndoa. Mtu alikuwa akiapa anasema, twende kwa mzee yule tukaulizane. Zamani kabisa, kabla chanjo haijafika huku, surua ilimwulia watoto wawili kwa msimu mmoja. Akawaambia watu, "Anayeogopa sindano aje achanjiwe mwanawe kwangu. Mnanijua. Kwangu hakuna sumu."

Watu wakapiga makofi. Mimi nilisimuliwa, sikuwepo. Ningekuwaje kwenye mkutano anaosimama yeye?

Nilipoambiwa ni uwanjani kwake, nikajiuliza: Basi sisi tutapitaje? Lakini mzee alikuwa ameliwaza hilo. Kwa akili yake bibi wa watoto yupo, atawabeba wajukuu mmoja baada ya mwingine, wakwe wabaki kwao. Ndivyo mambo yalivyoendeshwa kwetu, njia ya mkwe ikifungwa bibi anapita. Ila alisahau kitu kimoja, hakumwuliza bibi.

Nilimfuata mama mkwe jikoni, anamenya ndizi.

"Mama, kesho utanichukulia mtoto?"

"Kumpeleka wapi?"

"Si unajua, mama. Kwenye chanjo."

Kisu kikasimama. "Mwanangu, mimi nimezika mmoja wa sindano. Wewe unataka nimbebe wa pili kwa mikono yangu hii?"

"Hii ni ya surua, mama. Siyo ile ya dukani. Nesi anazichemsha."

"Anazichemsha!" Akacheka, kicheko kibaya. "Nyoka ukimchemsha anakuwa samaki?"

Nikasihi. Nikapiga magoti kabisa, kwenye maganda ya ndizi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mama yule hakuwa ameumwa kidole, aliumwa moyo. Sikuweza kumchukia. Lakini hasira nilikuwa nayo, Mungu anajua. Yeye angeweza kupita na hataki, mimi nataka na siwezi.

Asubuhi yake nikamkabidhi shoga yangu binti yangu. Akamfunga mgongoni, wa kwake akampakata, akaenda huku anacheka kwamba amepata mapacha. Mimi nikasimama mwisho wa migomba, mahali ambapo naona uwanja na wa uwanjani hawanioni. Wakwe wenzangu nao walikuwa wamejipanga kwenye migomba kama mimi, kila mtu na mwanawe, tunachungulia.

Nesi aliweka meza barazani, sanduku la barafu chini, na jiko la mafuta ya taa pembeni na sufuria yake inachemka. Zamani hizo sindano hazikuwa za kutupa. Inachoma, inasafishwa, inarudi sufuriani, inachemka, inatoka. Yeye aliweka jiko hadharani kwa makusudi, watu waone usafi. Watu wakaona kitu kingine kabisa. Waliona sindano ya mtoto wa jirani inaingia sufuria moja na inayokuja kwa mtoto wao. Wakaanza kunong'ona. Hata hivyo hawakuondoka, kwa sababu mzee alikuwa amekaa pale kwenye kiti chake, na wachache wa mbele walishachanjiwa.

Ndipo nesi akauliza kwa sauti ile yake, "Na wajukuu wa nyumba hii wako wapi? Si ndio wangeanza?"

Sisi wakwe kutokuwepo, kila mtu alielewa. Lakini bibi je? Watu wote wakatazama mlango wa nyumba kubwa. Ulikuwa umefungwa. Na ndani, mtoto akalia. Mama mkwe alikuwa amewachukua wajukuu wakubwa wakubwa tangu alfajiri na kujifungia nao.

Nilimwona baba mkwe anautazama ule mlango. Hakusimama kuugonga. Mwanamume wa heshima zake hawezi kugombana na mkewe mbele ya kijiji, kwa hiyo alikaa tu, mikono juu ya fimbo. Mama mmoja akamfunika mwanawe khanga, akaondoka. Mwingine akamfuata. Kisha wengi.

Shoga yangu alirudi na watoto wote wawili kama alivyokwenda.

"Vipi tena?" nikamwuliza. "Ilibaki kidogo tu ufike mezani!"

"Chukua mwanao, mwenzangu. Bibi yake amemfungia mjukuu mlango, mimi wa kwangu nimpeleke kwa lipi? Wao wenye uwanja wanajua kitu."

"Mimi si wa nyumba hiyo? Na mimi nimekupa wangu!"

"Basi ungekuwa pale," akasema. "Ningekuona umesimama pale na mwanao, ningemtoa wangu bila kuuliza."

Hakusema kwa ubaya. Nami sikujibu kwa ubaya. Tulijua wote wawili kwamba sikuweza kuwa pale, na tukaliacha hapo.

Nesi alitujia migombani baadaye, amevimba. "Nyie wanawake wa huku mna nini? Mimi nimeacha watoto wangu Tanga nije kubembeleza watu wasiojitakia mema! Dawa nimeshaichanganya, haikai, naimwaga yote!"

Nikamjibu kwa hasira yangu na mimi. Nikamwambia hatujakataa, sisi tunamtila mwenye nyumba. Nikamweleza kila kitu. Kwanza alicheka, akadhani namtania. Halafu akakaa chini kwenye jani la mgomba na ushungi wake mweupe.

"Dada yangu, kwa nini hamkuniambia?"

"Tukuambie nini? Kila mtu anajua."

"Mimi je?"

Kweli, yeye je? Kitu kikishakuwa cha kila siku hukumbuki kwamba kuna mtu hakijui. Nikamwomba safari ijayo alete meza yake huku nyuma kwetu. Akakataa. Akasema akituchanja mafichoni, watu watasema wakwe wa mzee wamepewa dawa ya peke yao, na akihama uwanja ule watasema hata mzee amemfukuza. Na hapo alikuwa na haki. Tatizo lilikuwa lingine, alikuwa ameshapeleka habari kwa wakubwa wake kwamba wanawake wamekataa.

Mzee naye alifikiri njia yake. Jioni moja nilikuwa napepeta mchele nyuma ya ua wa mianzi, nikasikia anakohoa upande wa pili. Nikaacha kupepeta. Akaanza kusema na kuku. Ndiyo, kuku. Mkwe akitaka ujumbe ukufikie anaweza kumwambia kuku, mbuzi, hata mti.

"Wewe kuku," akasema, "sikiliza. Siku nesi atakaporudi, mwenye nyumba hii hatakuwepo. Atashinda ziwani mpaka jua lizame. Anayetaka kupita uwanjani na vifaranga vyake, apite. Umesikia?"

Nilicheka mpaka machozi, nimejiziba mdomo kwa ungo. Nikagonga ungo mara moja ajue nimesikia. Nilimpenda sana mzee yule siku ile.

Lakini alichomwambia kuku hakuwaambia watu. Angewaambiaje? Mwanamume hasimami mkutanoni akataja mwendo wa wake wa wanawe, ni aibu kuliko kuvua nguo. Kwa hiyo siku ilipofika akaondoka asubuhi, na kijikapu begani, kimya kimya, na kila aliyemwamkia njiani, "Tata, ugonile," hakumwambia anakokwenda. Na nesi akaja na mgambo. Si yeye aliyewataka. Wakubwa waliosikia kwamba tumekataa ndio waliompa, na yeye mwenyewe uso ulikuwa umekunjamana.

Hebu jiweke kwenye nafasi ya watu. Mlango wa bibi ulifungwa. Sindano zinachemshwa pamoja. Leo wamekuja mgambo na marungu, na mzee aliyesema kwangu hakuna sumu ameonekana anaondoka kwa haraka na kapu begani. "Mzee amekimbia!" Neno lilipita kijijini kwa kasi kuliko baiskeli. Wanawake walibeba watoto, wengine kwenye mashamba ya mpunga, wengine kwenye kakao, na wengine wakaenda kwa ndugu.

Sisi wakwe tukatoka migombani, tukaukanyaga uwanja kwa mara ya kwanza mchana kweupe. Nilihisi nyayo zinaniwasha. Uwanja mtupu, mgambo wanapiga miayo, nesi na sufuria yake. Mama mkwe alikuwa amesimama kwenye ufa wa mlango. Nilipomvua binti yangu gauni akasema kwa sauti ya chini, "Huyu akifa, utanizika naye." Nikamwambia, "Mama, akiishi utamlea." Binti yangu akachomwa, akalia, akanyamaza. Ikaisha hivyo tu.

Nilitoka mbio kwenda kwa shoga yangu. Mlango una kufuli, jiko baridi. Jirani akaniambia amekimbilia kwa mama yake.

Mama yake alikuwa Ngana.

Nikakaa chini pale pale mlangoni kwake. Alikuwa amemkimbiza mtoto kutoka kwenye sindano akampeleka kwenye surua yenyewe. Nilitaka kumfuata, lakini Songwe ulikuwa umekula njia ya chini na mgonjwa wangu mdogo alikuwa na homa ya chanjo. Nikatuma salaam kwa wauza ndizi, arudi haraka, nesi bado yupo, mimi mwenyewe nimesimama pale na mwanangu. Salaam zilifika, alikuja kuniambia baadaye. Zilimfikia mtoto ameshatoka vipele.

Alirudi naye akiwa amembeba mbele, si mgongoni. Macho yamegandana, mdomo una vidonda, kifua kinapiga kama mvukuto. Nesi alikuja mwenyewe nyumbani kwa baiskeli, akamwosha macho, akamtia dawa, akamwambia twende hospitali sasa hivi. Wakaenda. Mtoto alifia njiani, hawajafika hata mjini.

Sitaeleza msiba ule. Nilikaa na wanawake ndani, binti yangu nilikuwa nimemwacha kwa wakwe wenzangu makusudi, nisimpitishe mbele ya macho ya mama aliyefiwa. Maziwa yalikuwa yanamtoka shoga yangu yanalowanisha khanga. Mengine yalikuwa ya mwanangu. Hakunitazama siku zote za matanga.

Na maneno yakazaliwa, si unajua watu. Upande mmoja walisema sindano ndiyo iliyoleta surua kijijini. Upande mwingine wakasema wakwe wa mzee walipewa dawa ya kweli siku ya uwanja mtupu, na ndiyo sababu mzee alipanga watu wote wakimbie. Maneno hayo mawili hayawezi kuwa kweli kwa pamoja, lakini kuna watu waliyabeba yote mawili kinywani bila hata kuyahamisha shavu. Na surua ilikuwa imeingia sasa, nyumba hii, nyumba ile. Ugomvi wa mipaka haukuletwa tena uwanjani kwa baba mkwe.

Nesi alirudi kwa mara ya tatu, peke yake, bila mgambo. Nasikia aligombana na wakubwa wake kwa ajili hiyo. Mimi nilikuwa mahali pangu, mwisho wa migomba. Watu walikuja, ndiyo, kwa sababu waliogopa surua, lakini walisimama mbali kwenye ukingo wa uwanja, wameshika watoto wao kwa nguvu. Kati yao na meza kulikuwa na ardhi tupu, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza.

Baba mkwe akasimama. Akasema watoto wapo hatarini, akawasihi. Mzee mwenzake akamkata, "Tuliitika siku ile ukaondoka. Ulikwenda wapi?"

Nilijua jibu lake, wakwe wote migombani tulilijua. Nilimwona anafungua mdomo na kuufunga. Jibu lenyewe lilikuwa sisi, na sisi hatutajwi.

Kisha akageuka. Akatazama moja kwa moja kwenye migomba nilipokuwa, akasema, si kwa kuku, si kwa mti:

"Mkwe wangu. Mama wa mjukuu wangu wa mwisho. Njoo na mtoto."

Mungu wangu! Bibi mmoja kule ukingoni akapiga kofi kinywani, "Mama yangu!" Mkwe mwenzangu akanisukuma mgongoni. Nikatoka. Nilitembea uwanjani mbele ya kijiji kizima, kichwa wazi kwa sababu khanga ilikuwa imemfunga mtoto, mpaka nikasimama mbele yake. Nikainua uso. Sikujua kwamba jicho lake moja lilikuwa na mtoto wa jicho. Miaka yote ile sikujua. Alikuwa anatetemeka mashavu, na mimi nalia, na aibu niliyoisikia sijawahi kuisikia tena hata nilipokuwa najifungua mbele ya wageni.

"Huyu amechanjwa," akawaambia watu, akamshika binti yangu mkono. "Surua imepita kwao nyumba ya kushoto na ya kulia, yeye mzima. Mnaniuliza nilikwenda wapi. Nilikwenda ziwani ili mama yake huyu apate kupita. Leo sina tena cha kuficha. Leteni watoto."

Mlango wa nyumba kubwa ukafunguka. Mama mkwe akatoka na wajukuu wawili, mmoja kila mkono, hakumtazama mtu, akaenda mpaka mezani akawaweka mbele ya nesi. Akageuza uso ukutani wakati wanachomwa. Baada ya hapo watu wakaanza kusogea, mmoja, wawili, halafu ikawa foleni na kelele za watoto.

Ndipo nikamwona shoga yangu. Alikuwa amekuja na khanga nyeusi ya msiba, mikono mitupu. Watu wakampisha. Hakuja mezani. Alikwenda hadi kwenye migomba, pale nilipokuwa nasimama siku zote, akageuka, akatembea taratibu kuja nilipo, anatazama chini kama mtu anayepima kiwanja. Alipofika akamtazama binti yangu kwa muda mrefu, akamshika shavu.

Kisha akanitazama mimi.

"Kumbe panapitika," akasema.

Akamwachia mtoto shavu, akaenda zake nyumbani.